Kompaila ya Mzee Tluway

Sifa ni kwa Mungu aliyewapa nyumbu majira ya kuzaa na wafugaji majira ya kuhama, naye hapotezi hesabu ya yeyote kati yao. Ndiye aliyenilinda katika barabara ya Oldeani wakati wa masika na katika vikao vya ofisi wakati wote, na sijui ni wapi nilihitaji ulinzi zaidi. Namshukuru kwa mke wangu, kwa magoti ambayo bado yanakunjika ibadani, na kwa macho yanayosoma Maandiko mchana bila miwani. Namshukuru hata kwa niliyoyaona nikatamani nisingeyaona. Nikiisha kusema hayo, naandika.

Ninyi vijana wa kitengo cha kompyuta mliniomba siku ya kuniaga niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Nadhani mlitaka vichekesho. Vipo vichache, na nitavitoa mapema ili vituondokee. Hospitali yetu sitaitaja jina, kwa kuwa ninyi mnaijua na wengine hawana haja ya kuijua.

Nilifika Karatu mwanzoni mwa miaka ya tisini, mtu wa Marangu niliyekuwa nimefundisha hesabu mjini Arusha na kusoma kompyuta jioni. Hospitali ilikuwa na kompyuta moja tu, nayo ilikaa katika chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa sababu ya vumbi jekundu. Mlinzi wake alikuwa Mzee Tluway, Mwiraqw wa Oldeani. Alikuwa ameanza kama karani katika shamba kubwa la kahawa huko kwao, ambako mwenye shamba alinunua kompyuta ya kupigia hesabu za uzito akakosa mtu wa kuiwasha. Tluway aliiwasha. Vitabu vilivyokuja nayo alivisoma mpaka majalada yakaachana na kurasa.

Alikitazama cheti changu, akanirudishia.

"Mangi," akasema, "hapa hatuna duka. Una hakika hukupotea njia?"

Mnajua kwamba Mchaga akionekana mahali, watu hungoja afungue duka. Nikamwambia sikupotea. Akasema kama ni hivyo, kesho yake nipande gari la dawa niende Nainokanoka, kwenye nyanda za juu za Ngorongoro. Nilidhani ananitania, maana niliajiriwa kuandika programu. Hakuwa anatania. Sikuruhusiwa kugusa kibodi mpaka niwe nimepanda na lile gari misimu yote ya mwaka, jua na mvua, dereva akiwa Bura, ambaye alikuwa na mdomo kuliko honi ya Land Rover yake.

Huko juu nilijifunza kile ambacho hakuna kozi iliyonifundisha. Wagonjwa wa kifua kikuu walimeza dawa kwa miezi mingi bila kukatisha. Kila mmoja alikuwa na boksi lake la dawa za mwezi, na juu ya boksi kibandiko chenye jina lake na zahanati yake, kilichochapishwa na programu ya Mzee Tluway. Asiye na kibandiko hana boksi, na asiye na boksi hana dawa. Lakini watu wa Ngorongoro hawakai mahali pamoja. Nyumbu wanapozaa kule tambarare, wafugaji huondoa ng'ombe zao, kwani ndama wa nyumbu huacha ugonjwa majanini unaoua ng'ombe. Mgonjwa uliyemwandikisha Olbalbal, kule chini, wakati wa Krismasi, mwezi wa pili utamkuta Nainokanoka kwenye baridi. Programu nyingine yoyote ingempelekea dawa nyumba tupu.

Ya Mzee Tluway haikufanya hivyo. Kila zahanati ilikuwa na nambari yake. Mgonjwa akihama na mifugo, mzee alifuta nambari ya zahanati na kuweka hasi moja. Programu ikikuta hasi moja ilielewa: huyu hayupo nyumbani, angalia boma lao huenda wapi majira haya, upeleke boksi huko. Alama hiyo aliitumia kila pembe ya programu, kwa sababu kumbukumbu ya kompyuta siku hizo ilikuwa ndogo na yeye alikuwa mtu wa kubana.

Sasa kwa msomaji asiye wa fani. Mtunga programu huandika maagizo kwa lugha ambayo binadamu anaweza kuisoma. Mashine haiielewi. Kompaila ndiyo inayoyageuza maagizo yale yawe kitu ambacho mashine itakitenda. Kompaila mbili zinaweza kusoma maagizo yaleyale zikazaa programu mbili zilizofanana sura, zikatofautiana tabia kama watoto wa mama mmoja. Mzee Tluway alitumia kompaila iliyokuja kwa disketi, na aliijua kama mtu anavyomjua punda wake: inapenda nini, inagoma wapi. Nami nilifanya naye kazi hivyo kwa miaka mingi, tukaelewana, mpaka macho yake yalipofifia akarudi Oldeani kwenye kahawa yake.

Karne mpya ilituletea kompyuta mpya, na kompyuta mpya zikatuletea Ndugu Massawe kutoka Arusha, awe mkuu wa kitengo. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu imani yangu inaniagiza, na pia kwa sababu ni kweli, ingawa la kwanza hunisaidia zaidi. Alikuja na mazingira mapya ya kuandikia programu: dirisha zuri lenye rangi, maneno muhimu yanajipaka bluu, ukikosea linakupeleka moja kwa moja kwenye mstari wenye kosa. Nililipenda. Ndani yake kulikuwa na kompaila mpya, na Massawe akataka programu yetu ipite humo.

Niliipitisha kwa majaribio. Ilikubali bila lalamiko hata moja, na hilo ndilo lililonitia shaka, maana programu ya zamani isipolalamika kwa kompaila mpya ujue hawajasikilizana. Nikachapisha vibandiko kwa ile ya zamani na kwa ile mpya, nikavipanga mezani pande mbili. Waliohama wote hawakuwamo upande wa pili. Sababu niliipata baada ya kuitafuta sana. Kompaila ya zamani iliweka nambari katika nafasi mbili za kumbukumbu, mpya iliiweka katika nafasi nne. Hasi moja iliyokaa katika nafasi mbili, ukiihamishia kwenye nne bila uangalifu, hugeuka kuwa sitini na tano elfu na ushei. Programu iliitazama nambari hiyo, ikaona haina zahanati yoyote ya namna hiyo, ikamruka mgonjwa kimyakimya na kuendelea na anayefuata.

Nilimwita Massawe nikamwonyesha zile pande mbili. Nikamweleza kwamba kurekebisha kunawezekana, ila alama ile imetapakaa kila mahali, hivyo nahitaji muda mpaka kiangazi nipitie mstari kwa mstari. Kwa sasa tulitumie dirisha jipya, lakini nyuma yake iendelee kufanya kazi kompaila ya zamani. Akakubali.

Haya ndiyo mnayoyataka ninyi, basi nayaeleza. Kompaila ya zamani niliiweka kwenye folda yenye jina fupi lisilo na nafasi katikati, kwa kuwa ilizaliwa zama za majina mafupi, na ukiificha ndani ya jina refu haipati mlango. Kisha nikaingia kwenye mipangilio ya mazingira mapya, pale panapouliza ni kompaila gani iitwe, nikafuta njia iliyokuwamo na kuandika ya kwangu. Ikaitika, lakini kwa makosa mengi kama mvua ya mawe. Nilihangaika sana kabla sijagundua kwamba kompaila ilikuwa ya zamani huku maktaba ilizosoma, yaani mafaili ya maagizo yaliyokwisha kutayarishwa, zikiwa za ile mpya. Msichanganye. Kompaila, maktaba zake na kiunganishi chake kinachounga vipande vya programu ni nyumba moja; ukimwalika baba, alika na watoto wake, na wa jirani wabaki kwao. Nilipozitenganisha, ikakubali. Tatizo lililobaki ni kwamba kompaila ya zamani iliripoti makosa kwa mtindo wake, na dirisha jipya halikuuelewa, hivyo halikuweza kunipeleka kwenye mstari wenyewe. Nilisoma nambari ya mstari nikaenda mwenyewe, kwa miguu kama zamani.

Massawe alisimama nyuma yangu akacheka. "Mzee, umefunga jembe la ng'ombe nyuma ya trekta."

"Linalima?"

"Linalima."

"Basi liache lilime mpaka nitengeneze jingine."

Mwaka huo, kabla ya Krismasi, mama mmoja wa Olbalbal aitwaye Nashipai aligunduliwa ana kifua kikuu. Mumewe, Lemayani, ndiye aliyemleta, mtu mrefu asiyependa maneno. Alianza dawa, akapata nguvu, akarudi nyumbani. Mwezi wa kwanza boma lao likapanda Nainokanoka, nami nikamwekea hasi moja yake. Nilipanda na gari safari hiyo. Nilimkuta kando ya duka mahali wagonjwa walipozoea kutungojea, amesimama, anataniana na Bura. Alimlalamikia kwamba dawa zetu zimempa choo kidogo chekundu kama shuka la morani, akaongeza na jambo jingine ambalo mzee wa kanisa haliandiki. Kisha akanigeukia.

"Mangi, ni wewe unayeandika jina langu kwenye boksi?"

Nikamwambia ni mashine.

"Na hiyo mashine inajua nimehama?"

"Inajua, mama."

"Basi ina akili kuliko nesi wa kule chini. Yeye anataka nikae mahali pamoja kama mti."

Tulicheka wote. Siku ile nilisema kweli.

Wiki ileile niliitwa Marangu. Mama yangu alikuwa amelala hajiwezi, na mimi ndiye mwanawe wa mwisho, ambaye kwetu ndiye mwenye nyumba ya mama. Nikaomba likizo nikapewa. Nilimuuguza mpaka Mungu alipomchukua, nikamzika, nikamaliza matanga. Niliporudi Karatu masika yalikuwa yameanza.

Bura alinipokea stendi. Akanipa pole ya msiba, akachukua begi langu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akatembea bila kusema. Tulipofika garini ndipo akanieleza. Nilipokuwa sipo, walikuja wageni wa wafadhili. Mmoja wao aliona kwenye kioo jina la kompaila ya zamani, akauliza kwa upole kama hiyo bado inatumika duniani. Massawe aliona aibu. Wageni hawajafika hata geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, yeye amekwisha kurudisha kompaila mpya, amehamisha data, na folda yangu ameifuta katika kile alichokiita usafi. Tangu hapo waliohama hawakuwa na maboksi. Bura alikwenda ofisini kusema. Akajibiwa kwamba programu sasa ni ya kisasa, na wasiokuwamo ni watoro wa dawa.

"Watoro hao nawakuta kila safari, Mangi," Bura akasema. "Wamekaa palepale dukani wananingoja."

Mnisikilize hapa, kwa sababu kompyuta haikuona ajabu yoyote. Hana boksi, kwa hiyo hachukui dawa. Hachukui dawa, kwa hiyo ni mtoro. Ilipiga hesabu zake vizuri kabisa.

Nilimuuliza habari za Nashipai. Safari ya kwanza alipokosa boksi alimtania Bura kwamba amelila njiani. Safari iliyofuata hakutania. Nesi wa pale alimwambia hawezi kumpa dawa zenye jina la mtu mwingine, na kwa kanuni alikuwa sahihi. Akamwelekeza ateremke Olbalbal alikoandikishwa. Kwa miguu, na kifua kile. Safari ya mwisho alikuwa ameketi chini amejifunika, gari likaja, hakuinuka.

Nilikwenda kwa Massawe kabla sijafika nyumbani. Aliniambia pole ya mama, kisha akaniambia kwamba hata yeye ameona idadi imepungua, akadhani watu wamepona. Nilijua nikijibu nitatenda dhambi. Nikamwomba Bura anipeleke Oldeani.

Barabara ilikuwa tope tupu, tulisukuma kuliko tulivyopanda. Mzee Tluway alikuwa amekaa barazani, haoni tena zaidi ya kivuli, akanitambua kwa sauti. Disketi zake alizihifadhi ndani ya mkebe, zimefungwa nailoni juu ya nailoni. Aliushika ule mkebe magotini bila kunipa.

"Nani aliiondoa?"

"Mkuu wa kitengo."

"Alijua kwamba hasi moja ni watu?"

"Nilimwonyesha, mzee. Nilimpangia mezani."

Akapapasa kifuniko cha mkebe kwa muda.

"Basi alijua ni nambari," akasema, akanipa.

Kompaila niliirudisha. Alama za waliohama tuliziweka upya mimi na Bura, yeye akikumbuka kila boma liko bonde gani, mimi nikiandika. Massawe hakutuzuia, alikaa chumba cha pili mlango umefungwa. Maboksi yakachapishwa vibandiko, nasi tukapanda nayo. Mikononi nilishika la Nashipai, kana kwamba kulishika kungelifikisha mapema. Lemayani alikuwa kando ya barabara. Hakulitazama boksi. Aliuliza tu kama gari lina nafasi ya mtu kulala. Tulimleta Nashipai Karatu, mumewe amemwegemeza kifuani njia nzima, na madaktari walifanya walichoweza, nawashukuru. Alifariki kabla mvua hazijakatika. Aliacha mtoto ambaye alikuwa hajaachishwa ziwa.

Wengine waliokosa dawa, Mungu aliwasaidia, wakaanza upya. Yeye peke yake ndiye aliyefungiwa taarifa kwa kuwa amekufa, na penye nafasi ya sababu kompyuta ilijijazia: mtoro.

Nilimwomba Massawe abadilishe neno hilo. Taarifa iliyofungwa haikufunguka bila nenosiri, na nenosiri alikuwa nalo yeye. "Ripoti imeshakwenda kwa wafadhili, mzee," akasema. "Tukibadilisha mmoja, watauliza wote." Nikapanda juu zaidi, kwa mkubwa wa hospitali, mtu niliyesali naye kila asubuhi. Alinisikiliza kwa huzuni ya kweli, akanishika bega, akasema tumwachie Mungu. Nimemwachia Mungu mambo mengi maishani mwangu. Lakini sikumbuki kumwachia kazi ambayo mtu angeweza kuimaliza mwenyewe kabla chai haijapoa.

Siku moja ya mnada Lemayani alikuja ofisini. Alivua kofia, akakataa kiti. Nesi alikuwa amesema neno lile mbele ya watu, likawafikia wakwe zake, nao wakamuuliza ni mume gani anayemwacha mke akimbie dawa huku ana mtoto mchanga. Walikuwa wanataka kumchukua mtoto. Akaniomba nimsomee kilichoandikwa. Nilitamani nisijue kusoma. Nikamsomea.

Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Mtoro ni aliyekimbia. Mke wangu alikuwa amekaa. Gari ndilo lililompita."

Nikamwambia ni kweli, na kwamba nitakwenda naye kuyasema hayo kwa baba mkwe wake. Nilikatazwa kwenda kwa jina la hospitali, basi nikaenda kwa jina langu, baada ya ibada ya Jumapili. Mzee yule alinipokea bomani kwake na wazee wenzake wa rika. Nilisimama, nikaeleza yote: nyumbu, kuhama, alama, na jinsi ilivyogeuka ikawa nambari isiyo na mahali. Nilisema binti yao hakukimbia, alifika barabarani kila mara tulipokuja. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza, yule mzee akamtazama Lemayani, akasema mtoto abaki kwa baba yake. Halafu akanitazama mimi.

"Umesema vizuri. Sasa rudi ukaiambie hiyo mashine."

Nilirudi. Sikuweza kuiambia. Kiangazi nilimaliza kurekebisha programu, kila alama mahali pake, ikakubali kompaila mpya bila kumruka mtu, na wageni wakasifu. Massawe alihamia kazi kubwa zaidi mjini. Wakuu wengine walikuja, kila mmoja nikamwomba, kila mmoja akaniuliza kuna faida gani kufukua mambo ya zamani. Taarifa zile zimehamishwa kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa uangalifu mkubwa, pamoja na neno lile, lisipotee hata herufi. Mzee Tluway alipokaribia kufa aliniuliza kama limeondolewa. Nilimwambia bado.

Sasa nenosiri mnalo ninyi. Sikuwaambia siku ya kuniaga kwa sababu kulikuwa na keki na hotuba. Tafuteni mwaka wa zile kompyuta mpya, zahanati ya Olbalbal, jina Nashipai. Hakuna anayewalazimisha, na hakuna atakayewapongeza. Futeni neno moja, andikeni lililotokea. Kisha mmoja wenu apande na gari la dawa akamwambie Lemayani. Yu hai, na bado anauliza.

Na wewe unayesoma, uwe wa fani hii au la: Mungu akupe watu wanaojua jina lako kabla ya nambari yako, awape watoto wako wasimulizi wa kweli, na siku utakapokaa kando ya njia ukimngoja, asikupite.